Mwanamke Aliyeomba Msamaha

Mjukuu wangu Neema,

Usicheke. Baba yako ananiita shangazi, kwa hiyo mimi ni bibi yako, ingawa nimemaliza shule juzi tu. Huku Ifakara sote wazima.

Umeuliza kwa nini siandiki tena hadithi. Tulipokuwa tukilinda mpunga usiliwe na ndege shambani, niliwasimulia kinamama habari za mke aliyelima mpunga wake, kisha akamkatalia mumewe asiuuze. Walicheka mpaka ndege wakatua. Nilipoiandika ili niisome kwenye mahafali, baba akasema, "Mwanangu, utatuaibisha. Mwishoni huyo mke aombe msamaha."

Nikabadilisha. Wageni wakapiga makofi. Mama Sikujua, jirani yetu wa shamba, akaninong'oneza, "Yule mwanamke wetu umempeleka wapi?"

Tangu siku hiyo sijaandika tena. Ukiandika yako, nisomee mimi kabla ya watu wazima.

Bibi yako,
Tumaini