Bwana Yangu Anaogopa Mupira wa Mu Tumbo Yangu

Macho Kavu wangu, weye musomaji mwenye haulalake mbele ya kusoma matatizo ya batu, ikala vizuri. Hii barua ilitoka Beni, commune Beu. Nimeisoma mara tatu na imenichokesha. Majina nimebadirisha.

*Mupendwa mushauri, yaya Simone, dada mukubwa wangu, unisaidie, juu nimefika mwisho. Niko mama wa miaka makumi tatu na ine, batoto babili, Jemima njo wa kwanza, na figo zangu zilikufa mwaka jana, pression ya damu njo ilizikula, kwa hiyo banitia mupira mwembamba wa kupitisha maji mu tumbo, na kila siku naingiza maji safi mara ine, inaikala masaa kazaa, kisha naitosha na uchafu yote ya damu. Banaitaka dialyse ya tumbo. Infirmier, muuguzi wa hôpital, alinifundisha kuifanya miye mwenyewe ku nyumba: nafunga mulango na dirisha, navaa cache-nez ya kufunika pua na kinywa, nanawa mikono mpaka ku kiwiko, chumba napangusa na chlore ya kuua microbe, mutu haingie. Damu yangu banaipima yote, SIDA, ni kusema ukimwi, hépatite ya maini, hakuna kitu.*

*Bwana yangu Maliro anauzishaka kahawa ku Kalunguta, anarudiaka jumamosi. Ni mutu muzuri, yaya, usimutukane. Cartons za maji njo yeye anazibeba na moto, ile pikipiki yake, anaziweka ku mulango wa chumba, kisha ananisalimia na kiwiko. Na kiwiko! Miye bibi yake! Kisha anaenda kunawa na chlore na analala mu salon. Ni miezi saba sasa, hajanigusa hata kidole. Wakati ya Ebola mudogo wake Mathe alikufa ku centre ya bagonjwa, Maliro alimuonaka mara ya mwisho nyuma ya plastique, na siku ya maziko banamusimamisha mbali, bale benye kuvaa cache-nez njo banamuzika. Toka pale hatusemake hiyo jina mu nyumba. Siku moja nilimuuliza, "Papa Jemima, miye nimekuwa nini kwako?" Akasema, "Mama, pumuzika tu." Njo jibu yote.*

*Belle-mère, mama ya Maliro, naye anakuja kila siku ya misa. "Kahongya, hata mbuzi banaifungaka kamba ku shingo, weye bamekufunga ku tumbo! Mwanaume atalala na kamba?" Batoto banacheka. Miye pia nacheka, nifanye nini.*

*Sasa nikuambie kitu sijaambia mutu. Ni jumamosi tatu naruka maji. Ya mangaribi sitie, ya asubui ya yenga, jumapili, sitie, juu tumbo ilale, nikuwe kama mwanamuke, hapana kama mwenye mimba ya maji. Cache-nez nilificha chini ya godoro. Jumamosi ya pili Maliro alikuja akaikala ku kitanda, kwa kando kabisa, nikawaza asante Mungu, kisha pagne, kitenge yangu, ikafunguka kidogo, akaona mupira, akasimama, akasema anaenda kuangalia kama moto imefungwa. Moto ilikuwa imefungwa. Na nikuambie ukweli, yaya, hata hamu sina, mwili yangu iko kama pagne yenye kulowana, lakini nilitaka alale tu karibu. Sasa miguu imevimba na nikitembea kidogo pumuzi inakosa. Jumatatu nawaza kwenda kuwaambia ku hôpital bautoshe huu mupira. Kama ni kufa, nikufe nikiwa bibi ya mutu. Nifanye nini?*

Kahongya, unaniita yaya na miye ni mudogo wako! Niko na miaka makumi mbili na tano, udaktari sikusomea, kile najua nimejifundisha miye mwenyewe kwa kuuliza batu mpaka banichoke. Barua yako nilikimbia nayo kwa infirmière moja wa dialyse. Alikuwa anakula. Alipofika ku "naruka maji" akaweka kijiko chini, akasema, "Umuambie aende leo."

Leo, mama. Hapana jumatatu. Pumuzi yenye kukosa na miguu yenye kuvimba, ni maji imekujaa mu mwili. Enda ku hôpital na useme yote: niliruka jumamosi tatu. Batakukaripia. Acha bakukaripie! Na ile maji uliruka, usijaribu kuilipa weye mwenyewe ku nyumba, bao njo bataona. Miye pia nakukaripia. Unataka kufa ukiwa bibi ya mutu? Maliro alishazika mutu kwa mbali. Unataka kumupatia wa pili?

Sasa usikie, juu hapa njo niliruka ku kiti. Ile cache-nez, unafikiri ni ya kumulinda nani? Unafikiri ni Maliro. Maliro pia anafikiri vile. Kumbe hapana! Ni ya kukulinda weye! Ni juu pumuzi ya batu na vumbi na mikono michafu isipitishe microbe mu mupira, ikaingia mu tumbo. Wakati ya Ebola, malade, ule mugonjwa, njo alikuwa hatari kwa batu. Hapa batu njo hatari kwa malade. Ni kinyume kabisa! Ugonjwa wa figo hauambukizake, hapana kwa busu, hapana kwa jasho, hapana kwa kitanda. Siye bote wa huku tuliona chlore na cache-nez na mulango wenye kufungwa, tunajua inamaanisha nini, hatuulizake tena. Na bainfirmier, nyinyi pia: munafundisha bibi peke yake, bwana anabakia inje na cartons, juu ya nini?

Kwa mambo ya kitanda, hauna lazima ya kuruka kitu. Saa ya kubadirisha ikifika, unatosha maji kama kawaida, munakutana tumbo ikiwa tupu, kisha unanawa, unavaa cache-nez, unatia maji mupya. Uliza infirmier wako muda gani unaweza kuikala tupu. Mupira uushikishe na sparadrap, ile bandeji yenye kunata, asiuvute, asikulalie ku tumbo, mulale kwa ubavu. Maji ikitoka na ukungu, ao tumbo ikiuma, ao homa ikikushika, ni hôpital mara moja, hata kama ni usiku.

Hamu kukosa, hauko wa kwanza. Damu kidogo, dawa za pression, uchovu, yote inaikata. Semea daktari bila haya, kuna njia ya kusaidia. Dawa ya mapendo ya ku soko, tika, acha kabisa! Figo yako haina nguvu ya kubeba hiyo. Na uulize planning ya kuzuia mimba, juu mimba inaweza kuingia hata kama hauone siku zako. Belle-mère, umupatie kahawa na heshima yake, lakini mupira wako hapana kazi yake.

Ukisharudi na pumuzi yako, jumamosi Maliro akifika na cartons, usifunge mulango. Umupatie cache-nez ya pili, anawe, aikale ku kiti, aone kazi yote toka mwanzo. Umuambie: "Hii navaa juu yangu, hapana juu yako." Kisha useme jina ya Mathe, kwa sauti. Usimuombe kitu ingine siku hiyo. Sikudanganye, anaweza kukataa. Anaweza kukataa mara mbili. Weye utatia maji yako hata hivyo, mara ine, kila siku, juu batoto banahitaji mama hata kama salon iko na bwana.

Na weye mwenye kusoma, papa wa Butembo, wa Beni, wa Kanyabayonga: kama ni weye Maliro, mudogo wako banamuzika ukiwa mbali, na leo bibi amesimama ku mulango, ananyoosha mukono na cache-nez, anakuambia tu "ingia", ungefanya nini?