Nafasi Iliyoachwa na Mzee Tsukada

Okayama,
Novemba

Mpendwa mdogo wangu Takuro,

Salamu nyingi za upendo zikufikie huko Sendai. Je, hujambo, na kile kikohozi kimekuacha? Mimi mwili ni mzima, ila moyo haujatulia. Tangu juzi nakaa, nasimama, nafungua dirisha, nafunga, hata jirani amenigongea ukuta.

Unaijua idara yetu ya mitambo: wanaume watupu na mimi dada yako, na choo cha wanawake kiko ghorofa ya chini kabisa. Sasa Mzee Tsukada amestaafu. Chuo kinatuhimiza tuongeze wanawake, kwa hiyo mkuu wa idara, Profesa Igarashi, akapendekeza tangazo la nafasi yake liwaite wanawake peke yao. Maneno yakawa mengi. Kwenye karamu ya kumuaga mzee, mwenzetu Wakamatsu akapaza sauti, "Basi mwakani nakuja na sketi, labda na mimi nitapandishwa cheo!" Watu walicheka mpaka bia ikamwagika. Nami nilicheka, nikajichukia kwa kucheka.

Kwetu, kama ujuavyo, mambo huamuliwa kabla ya kikao. Igarashi alipita mlango kwa mlango, akakuta walimu wamegawanyika nusu kwa nusu, akamalizia kwangu. "Umebaki wewe tu, Mwalimu Kanbara," akasema. "Na si wewe uliyetupigia kelele miaka yote hii? Sasa unasita nini?" Nikamwomba anipe siku moja. Alishangaa, lakini alinipa.

Jioni nilimwita Mio, msichana aliye hodari kuliko wanafunzi wangu wote, nikamsihi aendelee na shahada ya pili. Akainama kwa adabu. "Nisamehe, mwalimu," akasema. "Nakupenda sana, ila sitaki kuja kuwa kama wewe, peke yangu hivi." Nikamwambia si kitu. Alipotoka nililia, mimi nisiyelia ovyo.

Asubuhi nikaenda kwa Igarashi, nikamwambia ndiyo.

Sasa nikupasulie ukweli, Takuro. Nafasi hiyo ndiyo niliyokuambia uisubiri. Ni mimi niliyekuzuia usiwajibu wale wa kiwanda cha Niigata waliokupa kazi, nikakuambia uvumilie vipindi vya kibarua, kwamba mzee akiondoka tu utaiomba. Na ni mimi niliyekufungia mlango. Igarashi hajui kwamba nina mdogo wa kiume anayeingoja. Ningesema hapana, hakuna ambaye angejua sababu, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Sijuti, na naona aibu kwamba sijuti.

Watu wa kiwanda wanataka jibu Ijumaa. Wajibu, tafadhali. Ukitaka kunitukana, piga simu unitukane, nitasikiliza mpaka mwisho. Usininyamazie tu, maana wewe ukinuna hununa mwaka.

Mama hajambo, anakukumbuka. Haya bado sijamwambia. Nisalimie mkeo Sanae na mtoto, kama watazipokea salamu zangu.

Ni mimi dada yako,
Chizuru