Mahali pa Kuweka Chungu

Jumatatu, 14 Juni 1976
Moshi tangu alfajiri. Mke wangu Amase anakaanga unga wa wimbi nje, juu ya kipande cha bati, anaugeuza kwa mwiko mrefu, macho mekundu. Unga huo ulichachuka vizuri shimoni tulimoufukia. Nimefika kazini Malaba, ofisi ya mpakani karibu na daraja, nikinuka. Karani mwenzangu ameuliza kama nimehamia kilabuni.

Ruhusa ya kupika nimepata kwa naibu wa chifu. Mama anakuja Jumamosi kutoka ng'ambo, upande wa Uganda, kumpa mtoto jina. Bila ajono, pombe yetu ya wimbi, hakuna jina. Bibi huchovya kidole ndani ya pombe, humtia mtoto mdomoni, hutaja majina moja moja. Lile atakalolinyonya ndilo lake. Wetu bado tunamwita Toto tu. Tulimngoja miaka mingi. Watu walimsukuma mama anitafutie mke mwingine. Aliwafukuza.

Jumanne, 15 Juni
Unga umeanikwa. Jioni nimezunguka boma nikitafuta mahali pa chungu. Chini ya ghala: siafu. Nyuma ya nyumba: njia ya kisimani, kila mtu atachungulia. Jikoni ndiko Amase anakotaka, kando ya mafiga. Jikoni kuna masizi, na mbuzi mdogo analala humo.

Nimechagua stoo. Sakafu ya simiti, mlango wa kufuli. Nimeijenga mwenyewe, na mama hajawahi kuiona. Huo ndio ukweli. Nataka aingie, akanyage simiti, ndipo aone chungu.

Amase anasema simiti ni baridi. Nimemwambia hapa si kwa mama yake. Nililala vibaya.

Jumatano, 16 Juni
Tumechanganya: unga, kimea, maji. Chungu kiko stoo, kimefunikwa. Kinapendeza. Katekista amepita kuuliza hali, hakusikia harufu yoyote. Nilifurahi kama mjinga.

Alhamisi, 17 Juni
Mvua mchana kutwa. Nimefungua stoo, nimeweka sikio kwenye chungu. Kimya. Ajono hai husikika, kama mtu anayenong'ona. Hii imenyamaza.

Amase amesema kwa upole, "Baba Toto, pombe ni kama mtoto mchanga. Inataka joto. Tukihamishe chungu leo."

Nimesema kesho itaamka.

Ijumaa, 18 Juni
Haikuamka. Nimeonja. Tamu, nzito, uji mtupu.

Amase alitaka tuombe chungu kwa jirani, yule mjane anayepika kila wiki. Nimekataa. Mama avuke mpaka aje anywe pombe ya watu kwangu? Kwa mwanawe mwenye kazi ya ofisi?

"Basi mwache aje anywe uji," Amase alisema. "Anakuja kuona mtoto. Haji kwa sababu ya pombe."

Nilitoka. Nimemtafuta Njoroge, dereva wa lori anayevuka kesho asubuhi na mapema, kisha atarudi mchana. Anapajua kwa kaka yangu Okware, anakoishi mama, karibu na barabara ya Tororo. Nimempa ujumbe: mama angoje hadi Jumamosi ijayo. Pombe haijaiva.

Jumamosi, 19 Juni
Sijui niandike nini.

Njoroge amerudi saa nane akiwa na kuku mweupe. Akaniita nje ya ofisi.

"Bosi, sikufika kwa kaka yako. Nilimkuta mama hapo ng'ambo ya daraja, kwenye foleni ya watu wa miguu. Alitoka kwake kukiwa bado giza. Nikamwambia ulivyoniambia."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Alisema pombe yako imechelewa kama ulivyochelewa kumpa mjukuu. Akasema ni sawa, atarudi wiki ijayo. Akanipa kuku huyu, wa mama wa mtoto."

Foleni ile inaonekana kutoka kwenye dirisha langu. Nilikuwa nimeketi hapo asubuhi yote. Sikuinua kichwa. Alikuwa amevaa gauni lake la sherehe, gomesi ya buluu, Njoroge anasema, na viatu ameshika mkononi visichafuke.

Amase amempokea kuku. Nimemweleza aliyosema Njoroge.

Jumatatu, 21 Juni
Nimerudi kutoka kazini nikakuta stoo tupu. Amase na mjane wamebeba chungu hadi jikoni, kando ya mafiga. Kimeanza kuchemka chenyewe, povu limefika mdomoni. Nimesimama mlangoni nikikisikiliza. Amase alikuwa ananyonyesha. Sikusema asante. Ilinipasa kusema.

Jumatano, 23 Juni
Imeiva. Kali, nzuri, inakwaruza koo kidogo inavyotakiwa. Kumbe siku mbili tu za joto.

Alhamisi, 24 Juni
Daraja limefungwa. Asubuhi wanajeshi wa ng'ambo waliwarudisha watu wa miguu, kisha malori. Hakuna anayejua sababu. Bosi wetu anasema ni kwa siku moja. Foleni ya malori imepita soko.

Jumamosi, 26 Juni
Hakuna aliyevuka. Nimesimama karibu na kizuizi tangu asubuhi hadi polisi wetu akaniambia, "Mzee, nenda nyumbani. Huyo unayemngoja haji leo."

Pombe haingoji. Tumeita majirani. Wameketi kuzunguka chungu na mirija yao mirefu, wameimba, wamemsifu Amase kwa mkono wake. Nimeshika mrija wangu mpaka wakaondoka. Sikuvuta hata mara moja.

Jumapili, 11 Julai
Daraja bado limefungwa. Toto amejifunza kujigeuza kifudifudi. Anacheka akiona kuku mweupe. Mama hajui.

Nimemkaripia Amase kwa sababu ya chumvi. Haikuwa chumvi.

Jumanne, 20 Julai
Mama amefariki.

Ameleta habari mwanamke anayeuza samaki, anayevuka mto kwa njia za panya. Alikuja mpaka mlangoni, akakataa kuketi. Homa. Zahanati ya kule haikuwa na dawa. Alizikwa wiki iliyopita. Okware amesema nisijaribu kuvuka, watu wanakamatwa mtoni, na mtoto asije akakosa baba. Amesema pia kwamba mama, hata akiwa na homa, alikuwa anauliza kama Jumamosi imefika.

Huyo mwanamke angeweza kuliacha hilo. Ningemshukuru.

Jumatano, 21 Julai
Sikwenda kazini. Nimekaa stoo, mlango wazi. Sakafu safi, haina kitu.

Ningekuwa nimekubali jikoni, Jumamosi ile angekuta ajono imeiva. Ningekuwa nimeomba kwa jirani, angekunywa ya jirani. Ningekuwa nimenyamaza tu, nisitume mtu, angevuka, angekunywa uji, angembeba mtoto. Njia tatu. Zote zilikuwa mikononi mwangu.

Amase hajasema "nilikuambia". Ningependa aseme.

Ijumaa, 23 Julai
Amesema jambo jingine. Alikaa nami kizingitini, mtoto mgongoni. "Mama yako hakuondoka darajani na hasira. Aliondoka anacheka. Shika hilo."

Nashika. Halitoshi, lakini nashika.

Jumamosi, 28 Agosti
Daraja limefunguliwa wiki hii. Tumevuka sisi watatu kwa miguu. Foleni ilikuwa ndefu, jua kali. Hakuna aliyetuuliza chochote.

Okware amekonda. Alitupeleka kaburini, nyuma ya nyumba, udongo umeshaanza kushuka na majani yanaota. Nilisimama. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yalikwisha.

Wanawake wa boma walikuwa wamepika. Mke wa Okware ndiye mkubwa sasa, akamchukua mtoto mapajani, akachovya kidole. Nilimwomba aanze na jina la mama. Alilitaja. Mtoto alitema. Alilitaja tena, taratibu, akimtazama usoni. Mtoto akageuza kichwa. Wakataja majina mengine, la nyanya yangu, la dada yangu aliyekufa mdogo. Hakuna. Kisha mwanamke mmoja kutoka nyuma akasema Asio. Shangazi wa baba yangu, simkumbuki hata sura. Mtoto alinyonya kidole, akakishika kwa mikono miwili.

Wakapiga vigelegele. Amase alicheka, na mimi pia.

Tumelala hapa. Asio amelala kati yetu. Kesho tutarudi mapema, kabla ya foleni.