Baba, Usiniombee Msamaha kwa Ngozi ya Mumbuni

Kinanie, Machakos

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, nakula na nalala vizuri, na kile kikohozi alichokuwa akikiogopa Mama kimekwisha. Vumbi la huku halina adabu lakini tumeshazoeana. Ninawaza mguu wako. Uvimbe umepungua kweli, au bado unamwambia Mama umepungua ili usipelekwe hospitali? Na mahindi ya bondeni, tembo wamewabakishia chochote mwaka huu?

Utashangaa kuletewa barua na hali simu ninayo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Jumapili nilianza kukueleza ukanikatiza kwa methali, nikaanza tena ukaniambia salio litaisha, na salio lenyewe lilikuwa langu. Karatasi haikatizwi. Barua hii atakuletea Mghoi, binti wa jirani yetu, ambaye anakuja nyumbani kesho. Kaa chini, vaa miwani, usome mpaka mwisho, ndipo ukasirike.

Mama ameniambia kwamba wewe na Mjomba Mwakio mmekubaliana kumpigia bosi wangu, Bwana Mutiso, mniombee msamaha. Mjomba ndiye aliyenitafutia kazi hii, kwa hiyo anaona nimemtia aibu. Baba, nakuomba kwa heshima yote niliyo nayo kwako: msipige. Ulimwambia Mama kwamba nimeharibu kompyuta ya watu. Sikuharibu kitu. Nitakueleza kila kitu kilivyokuwa.

Kiwanda chetu kinatengeneza viatu vya shule. Ngozi tunaikata hapa, lakini sehemu ya juu ya kiatu hushonwa kwa mkono na vikundi vya akina mama huko nje, majumbani mwao. Tunawapelekea vipande vya ngozi, bitana na uzi wa nta, wao wanaturudishia kazi iliyoshonwa, na sisi tunatia soli. Ni kama Mama anapompelekea fundi cherehani kitambaa. Kitambaa ni cha Mama, ila kiko kwa fundi. Kazi yangu ni kupanga kikundi gani kipelekewe nini, na lini. Kuna mfumo mkubwa kwenye kompyuta unaojua oda zote na kila kipande cha ngozi kilipo. Ukiupa oda unakokotoa, kisha unakuambia kikundi fulani kitapungukiwa, peleka ngozi mapema.

Unakuambia hivyo iwapo umepangwa vizuri. Wetu Bwana Mutiso ndiye aliyeupanga, na aliona ni usumbufu kukipangia kila kikundi peke yake, akavitia vyote fungu moja la mipango na stoo ya kiwanda, ingawa kumbukumbu za nani kapelekewa nini zimo. Ngozi ikiwa Mumbuni, ndani ya nyumba ya Mama Syombua, kiongozi wa kikundi cha huko, mfumo ukipanga unaiona kana kwamba iko hapa rafuni na yeyote anaweza kunyoosha mkono akaichukua. Nilimwambia tangu mwezi wangu wa kwanza. Nilimwonyesha namna ya kurekebisha: kila kikundi kipangiwe peke yake, mahitaji yake na akiba yake, basi. Akanijibu, "Wakesho, hii kitu inafanya kazi. Usiniletee mambo ya koleji."

Basi nikawa nahesabia kila kikundi kwa daftari langu. Nilipokuja huko kwenye matanga ya Nyanya, oda kubwa ya viatu ikaingia, na wanawake wa kikundi cha Lukenya wakapangiwa kushona sehemu yake. Mfumo ukachungulia, ukaona ngozi tele, ile ya Mumbuni, ukasema hakuna haja ya kuwapelekea Lukenya chochote. Wakakaa mikono mitupu. Kiongozi wao, Mama Kalekye, akapiga simu ofisini kuulizia ngozi. Bwana Mutiso akamwambia sistimu inaonyesha ngozi iko. Mama Kalekye hana subira kama ya Mama. Akamwambia, "Basi ambia hiyo sistimu ikuje ishone."

Huku Ukambani, Baba, kuna kitu kinaitwa mwethya. Ni kama sisi tunavyolimiana mashamba: leo wote kwako, kesho wote kwangu, na anayekwama hasubiri kuomba mara mbili. Mama Kalekye ni mzaliwa wa Mumbuni, na alipokosa jibu ofisini aliwapigia wenzake wa nyumbani. Mama Syombua na kikundi chake wakagawanya ngozi yao, bitana na uzi, wakaifunga vizuri, wakaitia kwenye lori lililokuwa likienda Lukenya kuchukua mawe. Viatu vikashonwa. Oda ikatoka kwa wakati. Sisi wa ofisini tulipongezana kwa keki.

Kisha ikaja hesabu ya mwisho wa mwezi. Mfumo ukasema Mumbuni wamepungukiwa ngozi nyingi, na Lukenya wamerudisha kazi nyingi kuliko ngozi waliyopelekewa. Mtu mwenye akili angeuliza, hawa walishona kwa ngozi gani? Bwana Mutiso hakuuliza. Aliwaandika Lukenya kwenye ubao wa matangazo kuwa ni mfano wa kubana matumizi, akasema Mumbuni wanauza ngozi yetu sokoni. Neno alilolitumia ni wizi. Alilisema kwenye mkutano, mbele ya madereva, na unajua neno likipandishwa gari la mzigo halishuki njiani.

Tulikwenda naye Mumbuni kuhesabu. Mama Syombua alitupa viti na chai, na Bwana Mutiso hakuigusa chai. Akamuuliza ngozi iko wapi.

"Tulipatia wale wa Lukenya," Mama Syombua akasema. "Walikuwa wanakaa tu bure na sisi tuko na ngozi hapa kwa nyumba."

"Ruhusa mlipewa na nani?"

"Ruhusa ya nini? Jirani akikosa moto anakuja kuchukua kaa. Na hiyo kazi si ni yako? Viatu si zilifika?"

"Mama, sistimu haijui mambo ya kaa la moto."

"Ĩi, haijui. Lakini wewe unajua, maana nimekuambia sasa."

Nilidhani yamekwisha hapo. Garini nikamwambia, sasa tumepata jibu, nikaingize kwamba ngozi imehamishwa kutoka Mumbuni kwenda Lukenya, hesabu zikae sawa pande zote mbili. Akafungulia redio mpaka tukafika kiwandani. Kisha akanituma nimtoe Mama Syombua na kikundi chake kwenye mfumo, nao wasipelekewe kazi tena, sababu ikiwa ni upotevu wa mali. Nikamuuliza kwa nini, na ukweli ameusikia kwa masikio yake. Akasema, "Nikisema ngozi ilihamishwa, wataniuliza kwa nini Lukenya hawakupelekewa."

Baba, nilikasirika. Mtu anajua kabisa kwamba hawa si wezi, na yuko tayari waitwe wezi ili asiulizwe swali moja. Na sitanii kuhusu jina. Kikundi kikitolewa kwa upotevu wa mali, hakuna kiwanda kingine upande huu kitakachowapa hata uzi. Kanisani kwao tayari kuna mtu aliyemuuliza Mama Syombua, kwa kicheko, anauza ngozi bei gani. Ni mwanamke wa makamo yako, Baba, amekaa kiti cha mbele miaka yote, na siku hizi anakaa nyuma karibu na mlango.

Nilirudi mezani kwangu nikaingiza ukweli. Ngozi imetoka Mumbuni, imeingia Lukenya, na sababu nikaiandika wazi: Lukenya hawakupelekewa na kiwanda. Hicho ndicho mnachokiita kuharibu kompyuta. Hesabu zote zilizokuwa zimepinda zilinyooka palepale. Bwana Mutiso alipoona akaja akasimama nyuma ya kiti changu, akaniambia nifute. Nikamwambia kila kinachofanywa kwenye mfumo hubeba jina la aliyekifanya, hiki kina jina langu, na akitaka kifutwe akifute yeye kwa jina lake. Hakukifuta. Mpaka leo hajakifuta. Badala yake alinipa barua ya kujieleza, ya utovu wa nidhamu, na Jumatatu nitasimama mbele ya mkurugenzi.

Hapo ndipo uliponiambia mkono usioweza kuukata, ubusu. Najua ulikotoa hiyo methali. Miaka yote ya shamba la mkonge uliibusu mikono, tukala, tukasoma, na sikudharau hata siku moja. Lakini huu siubusu. Sina haja ya kuukata pia. Nataka tu uache kunyooshea kidole watu wasio na kosa. Na usiseme ni ujana. Nitafikisha miaka yako nikiwa hivihivi, na Mama atakuambia nimeutoa wapi ukaidi huu, maana si kwake.

Sasa sikia yaliyotokea jana, kwa sababu haya Mama hajayajua. Bwana Mutiso, kwa kuwa hakutaka jina lake lionekane popote, aliwatoa Mumbuni kwa mdomo tu. Alimwambia dereva apeleke ngozi Lukenya na asipite Mumbuni. Lori likaenda Lukenya, na baadaye likarudi limejaa vilevile lilivyotoka. Akina mama wa Lukenya wamekataa kupokea. Walimwambia dereva kwamba wao hawapokei ngozi waliyonyimwa wenzao, apite Mumbuni kwanza ndipo arudi kwao.

Bwana Mutiso aliingia ofisini jasho linamtoka, akampigia Mama Kalekye, akaweka simu kwenye spika, akanisukumia. Oda inayofuata ni kubwa kuliko ile, na bila Lukenya haitoki. Ofisi nzima iliacha kuandika.

"Wewe wanakusikia," akaninong'oneza. "Waambie wapokee mzigo."

"Mama Kalekye, ni Wakesho," nikasema. "Nimeambiwa niwaambie mpokee mzigo."

"Na wewe mwenyewe unasema aje?"

"Mimi nasema msiupokee mpaka Mumbuni wapelekewe."

Niliogopa, sitakuficha. Kisha nikasikia wanawake wakicheka huko Lukenya, wengi pamoja, na Mama Kalekye akasema, "Haya, mwana wakwa, umesikika," akiniita mwanawe kwa Kikamba. Bwana Mutiso akakata simu. Tangu hapo hajanisemesha, na nenosiri langu la mfumo halifungui tena. Nimepewa kazi ya kupanga mafaili ya zamani. Nayapanga vizuri sana, kwa makusudi.

Huenda Jumatatu nikafukuzwa. Nimeliwaza hilo na nimelikubali. Nikifukuzwa nitakuja nyumbani kupumzika kidogo, nifukuzane na tembo wako, kisha nitafute kwingine. Ninachokihofia ni kitu kimoja tu, nacho kiko mikononi mwako. Ukimpigia simu ukaniombea msamaha, Jumatatu atamwambia mkurugenzi kwamba hata baba yangu mzazi amekiri nilikosea. Na nikiwa nilikosea, basi niliyoyaandika ni uongo, na Mama Syombua ni mwizi. Hutakuwa umeniokoa mimi. Utakuwa umemfungia yeye mlango, mtu ambaye hajawahi kukukosea na ambaye angekukaribisha chai.

Mpe Mama salamu zangu na umwambie asifunge kwa ajili yangu, apike. Msalimie kaka yangu Mwandawiro, mkumbushe paa la jikoni alilokuwa analimaliza tangu Krismasi. Shangazi Mkanyika wa Wundanyi mwambie viazi vyake vilifika salama na nimevila vyote peke yangu. Salimu na wale wazee wenzako wa mkonge. Najua watataka uwasomee barua hii, nawe utawasomea. Mjomba Mwakio mpe heshima zangu kamili, umwambie sijasahau kwamba yeye ndiye aliyenifungulia mlango wa kazi hii, na kwamba sijamwaibisha.

Na ikiwa baada ya kusoma haya yote bado mkono unakuwasha kumpigia Bwana Mutiso, basi mpigie, Baba. Umsalimie vizuri kama unavyosalimia watu, umuulize habari za nyumbani, kisha umuulize ni nani aliyemwambia dereva asipite Mumbuni.

Binti yako,
Wakesho