Weupe wa Skrini Yangu

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini hujambo, wewe na wifi na watoto. Mimi ukiniuliza juujuu ni mzima. Ukinichimba nitalia, kwa hiyo soma tu.

Kazi ni ileile uliyonifundisha, kusafisha picha za wateja kwenye kompyuta kabla hazijachapishwa. Ila tangu tajiri atuwekee mfumo mpya wa kompyuta, Linux, nilikuwa nagombana na skrini. Mara maandishi madogo, nayakuza. Mara pembeni kuna kiza, naongeza mwanga. Weupe ukanijia manjano, nikaingia kwenye mipangilio nikazidisha bluu mpaka ukawa weupe wa kweli. Siku moja nikavamia hadi draiva, ile programu inayoendesha kadi ya picha, skrini ikawa nyeusi ti! Nilivyoitukana mashine ile, ungeziba masikio.

Baada ya muda manjano yakarudi hata kwenye picha za wateja, nikawa naziongezea bluu nazo. Bibi harusi mmoja akaja juu, eti tumemtoa yeye na ukoo wake kama maiti wa kwenye friji. Nikazitazama picha zake, nikaona ziko sawa kabisa, nikamwambia ana deko. Tajiri akazitazama, kisha akanitazama mimi, akachukua simu.

Akaitwa fundi, yule tunayemwita Zima-Washa kwa kuwa hiyo ndiyo dawa yake ya kila kitu. Safari hii hakuzima wala kuwasha. Alirudisha mipangilio yote kama ilivyokuwa mwanzo, akaniuliza naona nini. Nikasema manjano, na kiza pembeni. Akauliza kishale cha kipanya kiko wapi. Nikasema hakipo. Wenzangu wote wakasema kipo, juu kulia, na skrini ni nyeupe pe. Akanipa simu yake nitazame. Kiza kilekile. Akafunga mkoba wake akaondoka bila hata kunitania.

Daktari wa macho anasema ni presha ya macho, imenila kimyakimya pande zote mbili. Kilichokwenda hakirudi. Amenipa matone ya kujaribu kulinda kilichobaki, lakini hakunificha kwamba nimechelewa mno. Tajiri kanihamishia mapokezi, niwe nakaribisha watu. Kaka, mimi kazi nyingine siijui wala siitaki. Nimelia mpaka nimechoka.

Sasa niseme kilichonifanya nikuandikie, maana nimekizungukazunguka. Ugonjwa huu hutembea kwenye damu, na daktari ametaka ndugu zangu wapimwe. Nilitaka nikuambie kwa upole tu, kama tahadhari. Lakini ile picha ya kitinda mimba wako uliyonitumia majuzi, uliyoirekebisha mwenyewe ukajisifu kwamba mkono wako bado haujachuja, niliiona nzuri ajabu. Nikampelekea tajiri aone kipaji cha kwetu. Akaniuliza kwa nini mtoto ni wa bluu.

Nenda hospitali, kaka. Nenda kesho asubuhi, nakuomba.

Msalimie sana wifi, na watoto waambie shangazi yao anawapenda.

Ni mimi, mdogo wako.