Matuta ya Bolivia

Jumapili, 24 Oktoba 1993

Siku kumi na moja zimebaki kabla ya mtihani. Jiografia tu! Masomo mengine niliyapata mwaka jana, hili likanipa F. Na barua ya ofisi ya elimu bado iko kabatini: mwalimu asiye na cheti cha kidato cha nne, ikifika Aprili, atoke darasani. Miaka kumi na tano nafundisha madarasa ya chini, leo ndiyo wanakumbuka kwamba sikusoma. Kweli sikusoma. Lakini wangeniambia mapema.

Leo nimesoma Bolivia, uchumi na miundombinu. Nimeipenda. Haina bahari — ilikuwa nayo, ikaipoteza vitani. Watu wengi wako juu uwandani, baridi, upepo, viazi. Ziwa kubwa wanagawana na jirani. Nikacheka peke yangu jikoni: hawa ni sisi Wafipa tu, ila wamepelekwa mbali! Bei ya bati ilianguka miaka minane iliyopita, migodi ikafungwa, serikali ikawafungulia mlango wafanyabiashara. Ruksa ya kwao hiyo, kama hii yetu.

Kitabu changu hakina ukurasa wa 71 na wa 72. Si kitu. Ukurasa wa 70 una picha: wanawake wenye shali, shamba la matuta. Nimeelewa.

Jumatano, 27 Oktoba

Debora amekuja kunihoji. Mtoto niliyemfundisha a-e-i-o-u! Naye anarudia mtihani kama mimi, ila yeye ana miaka kumi na tisa, kichwa bado chepesi. Ananiita Mwalimu huku ananikosoa.

Swali lake: kwa nini reli za Bolivia hazisaidii vya kutosha? Nikajibu vizuri. Ziko mbili, za milimani na za mashariki, na hazikutani. Mzigo lazima ushushwe, ubebwe na malori, upakiwe tena. Debora akasema vema sana, Mwalimu. Nikafurahi kama mtoto aliyepewa tiki. Aibu!

Baba Raymond, mume wangu, bado hajarudi. Lori analoendesha, la Zubery mnunuzi wa mahindi, limekatika springi karibu na Laela. Kondakta wa basi ndiye aliyeleta salamu: mzima, ana njaa, mvua isinyeshe kwanza. Sasa hivi mahindi ananunua anayetaka, si serikali peke yake, lakini barabara ni ileile.

Alhamisi, 4 Novemba

Imetoka! Imetoka! Chagua nchi moja ya Amerika Kusini, eleza jinsi usafiri unavyoathiri uchumi wake. Hoja tano. Nilitaka kusimama nimkumbatie msimamizi.

Bahari, hoja moja. Reli mbili, hoja ya pili. Bati. Barabara za udongo zinazokatika wakati wa mvua — hapo niliandika mpaka mkono ukauma, nikimfikiria baba Raymond pale Laela. Ya tano wakulima: mbolea haiwafikii kwa sababu ya barabara, kwa hiyo hutegemea matuta. Nikaeleza hatua kwa hatua. Kiingereza changu kilichechemea lakini kilifika.

Nimerudi nimepika wali katikati ya wiki. Baba Raymond, aliyerudi jana, akauliza kuna mgeni gani. Nikamwambia mgeni ni mimi.

Ijumaa, 5 Novemba

Wali umenitokea puani.

Debora amepita tulinganishe majibu. Nikamsomea hoja ya tano kwa majivuno: wanalima matuta mvua zinapokaribia kwisha, majani wanayafukia chini yaoze, juu wanapanda maharage, msimu unaofuata wanabomoa matuta, wanapanda ulezi.

Debora akauliza polepole: Mwalimu, hiyo si ntumba?

Ntumba! Matuta yetu ya Kifipa, ya mama yangu! Nimewapa watu wa Bolivia shamba la mama yangu pamoja na ulezi wake! Picha ile ilinionyesha matuta, mengine nikajijazia mwenyewe, bila hata kujua kwamba najijazia. Ukurasa mzima!

Nimemwambia baba Raymond. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema, mama Raymond, huyo msahihishaji wa Dar es Salaam ameshika jembe lini? Sikumwongelesha mpaka jioni. Yeye hana barua kabatini.

Jumatatu, 8 Novemba

Nimevumilia siku mbili, leo nimekwenda parokiani. Katekista Polikarp ana kitabu hichohicho, kizima. Nikaomba kukisoma palepale nimesimama. Kwa haraka nikapitiliza ukurasa, nikarudi.

Sabini na moja. Viazi. Shayiri. Kwinoa — sijui nini hicho, nafaka ndogondogo. Na hapa: viazi hupandwa kwenye matuta.

Matuta yapo! Majani hayapo, maharage hayapo, ulezi haupo kabisa. Lakini matuta yapo, na ugumu wa kupeleka mazao sokoni upo, nusu ukurasa. Hoja nne nzima na robo tatu ya tano. Nimehesabu barabarani, nikahesabu tena nyumbani. Polikarp aliniuliza kama nimefiwa, maana nilikuwa nalia. Nikamwambia hapana, ni viazi.

Leo nimelala mchana. Tangu Septemba sijalala mchana.

Jumanne, 1 Machi 1994

Naandika hapa darasani. Watoto wanafanya jaribio la hesabu, kimya. Matokeo yamebandikwa mjini tangu asubuhi. Mwalimu mkuu alinipa ruhusa niende, nikakataa. Nikisoma F mbele ya watu nitafanya nini na uso wangu? Debora ameenda. Nimempa namba yangu ya mtihani.

Nilijiandaa. Usiku nilimwambia baba Raymond, wakinitoa nitafungua genge la mboga pale mtaani Chanji. Akasema sawa. Hakucheka safari hii.

Kuna mtu anakuja kule barabarani.

Ni Debora. Kwetu habari mbaya haiji hivi. Huletwa na watu wazima wawili, wanatembea taratibu, wanaomba kiti, wanaomba maji, wanauliza watoto hawajambo. Debora yuko peke yake. Anakimbia, viatu ameshika mkononi, na amekatisha katikati ya bustani ya mwalimu mkuu, kwenye mboga!

Watoto wameacha hesabu, wote wako dirishani. Nimewaambia wakae, hawakai. Na mimi naweka kalamu, natoka nje.