Ng'ombe Hajakauka

Nyakahura, Biharamulo
Jumapili

Mpendwa dada Eustakia,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama huko Bukiriro, wewe na shemeji Rogasian, na kwamba goti limeacha kukusumbua. Sisi hatujambo. Mkono niliouvunja mbele ya wanafunzi wangu, nilipoanguka kwenye migomba ya shule, bado umefungwa hogo. Kila asubuhi wananiuliza kama migomba imepona.

Mama alikuja kuniuguza, lakini anayenenepa ni yeye. Kila jioni anakunywa kikombe kizima cha maziwa na kumsifu ng'ombe wetu.

Juzi nilikuwa naandaa somo la historia, nikamsimulia habari za wanawake wa Uingereza enzi za Malkia Victoria: jinsi mali ya mke ilivyokuwa ya mume, na jinsi baadhi ya madaktari, watu wazima wenye ndevu, walivyoonya kwamba msichana akisoma sana kizazi chake kitakauka. Mama alicheka akashika mbavu. Akauliza kama huyo malkia mwenyewe alikuwa hajui kusoma.

Wifi yako Deodata alikuwa anachambua maharage. Hakucheka. Alisema taratibu kwamba kwetu anayekauka ni ng'ombe, mwanamke akimkamua. Mimi nikaanza kulikagua hogo langu.

Dada, ulisimama mlangoni kwangu mwaka jana ukaapa kwamba nyumba anamokamua mwanamke hutaikanyaga. Sasa Krismasi inakuja, nami sitaki uje kwa kudanganywa. Tangu nivunjike, anayekamua ni Deodata. Alikuwa akijificha zizini kama mwizi wa ng'ombe wake mwenyewe, na mama tulimwambia ni jirani yetu Shibuda.

Jioni ile mama alimaliza kikombe, akafuta mdomo, akasema, “Shibuda hawezi kutoa povu kama hili. Mwaka aliolazwa baba yenu nilikamua mimi, na Eustakia ndiye aliyekuwa analamba kibuyu.”

Ameniomba nisikuambie. Ndiyo maana sikupiga simu. Masikio yake bado mazima.

Sasa Deodata anakamua mchana kweupe, na mama ndiye anayemshikia ndama. Njoo, dada. Kiapo chako kilichelewa tangu hujaota meno yote, na watoto saba uliowazaa wanaonyesha maziwa yale hayakukukausha.

Msalimie sana shemeji na wote wa nyumbani. Kikombe chako kimeshaoshwa.

Mdogo wako wa mkono mmoja,
Ildefonce